Gavana wa Marekani: anaweza nini, hawezi nini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, Kalemie. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.)

 

Komite iliniomba niseme juu ya magavana wa Marekani. Rafiki yangu mmoja aliposikia alicheka sana. Akasema, "Wee, hapa kwetu tuko na gavana, mashimo ya barabara tunayajua moja moja, sasa unaenda kuwafundisha watu gavana wa nani?" Lakini kazi yangu ni ya kupita nyumba kwa nyumba na fomu mkononi, na najua simu za humu ndani zinalia kutoka wapi. Mlipotoka Lugufu na Nyarugusu, wengine walipanda meli pale Kigoma wakarudi. Wengine, wa tumbo moja na hao, walipanda ndege. Leo mdogo wako eko Louisville, shangazi eko Texas, mtoto wa kaka eko Iowa, na ujumbe wa sauti unaingia usiku: "Gavana amekataa wakimbizi." Kesho yake mwingine: "Gavana ametukata karte ya hospitali." Na siku hizi, kesi zilipolala, umeanza kupita ule wa hatari zaidi: eti kuna mtu anajuana na ofisi ya gavana, ukituma dola kidogo kesi yako itaamka.

Ni huyo wa mwisho aliyenifanya nikubali kuja. Nitamrudilia. Lakini ili tuelewe kwa nini huyo ni mwizi, inafaa kwanza tujue gavana wa kule ni mtu wa namna gani.

Tupite kwetu haraka. Katiba yetu ya 2006 inasema gavana, au liwali kama redio zinavyopenda kumuita, anachaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka 5, kiisha Raisi anatoa ordonansi ya kumthibitisha. Mwananchi wa kawaida hapigi kura ya gavana. Tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2011, Raisi anaweza pia kumtoa gavana ikiwa jimbo limeingia katika mgogoro mkubwa. Na kule Ituri na Kivu ya Kaskazini, tangu Mei 2021, magavana ni wanajeshi waliowekwa na Raisi. Basi sisi tumezoea hivyo: gavana akiamka asubuhi anaangalia Kinshasa kwanza.

Marekani mambo iko kinyume. Kule majimbo ndiyo yaliyotangulia. Makoloni 13 yalijitangazia uhuru mwaka 1776, mengi yakawa na katiba zao na magavana wao, na katiba ya nchi nzima ikaja kuandikwa mwaka 1787, miaka kumi na moja nyuma. Mwaka 1791 wakaongeza kifungu cha kumi kinachosema: nguvu ambazo katiba haikuzipa serikali kuu, zinabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Leo majimbo ni 50, na kila gavana anachaguliwa moja kwa moja na raia wa jimbo lake. Raisi wa Marekani hamteui gavana, hamsimamishi kazi, hamuiti Washington kumuuliza maswali kama mwalimu na mwanafunzi. Akimchukia atamtukana kwenye televisheni. Ordonansi ya kumtoa haipo.

Muda wa kazi kila jimbo linajipangia. Karibu yote yanampa miaka 4, isipokuwa New Hampshire na Vermont, wao ni miaka 2 tu. Virginia haimruhusu gavana kugombea mara mbili mfululizo; akimaliza anakwenda nyumbani. Texas haina mwisho: Rick Perry alikaa pale miaka 14.

Sasa kazi yenyewe. Gavana anatengeneza bajeti ya jimbo na kuipeleka bungeni. Anatia saini sheria au anazikataa. Anaweka wakuu wa idara nyingi: afya, barabara, magereza, elimu kwa sehemu fulani. Vitu vingi vinavyogusa maisha ya ndugu zetu kule kila siku, sawa vile permi ya kuendesha gari, sheria za kazi, kodi ya jimbo, karte ya hospitali ya watu wa kipato kidogo, vinapita mikononi mwa jimbo. Kwa wafungwa pia ana nguvu ya ajabu. Januari 2003, gavana George Ryan wa Illinois, zikiwa zimebaki siku chache aondoke ofisini, alibadili kwa kalamu yake hukumu za watu 167 waliokuwa wanangoja kunyongwa, karibu wote wakapewa kifungo cha maisha. Baadaye yeye mwenyewe alifungwa kwa rushwa. Ndiyo Illinois hiyo.

Mimi napenda kueleza kwa mfano wa Kentucky, juu ndugu zetu wengi wako Louisville, na juu mfano huu unaonyesha gavana akibadilika nini kinabadilika nyumbani kwa mtu.

Kuna bima ya afya ya serikali inaitwa Medicaid. Pesa nyingi zinatoka Washington, lakini ni jimbo linaloiendesha na kuamua sehemu kubwa ya nani ataingia. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuipanua ifike kwa watu wazima zaidi wenye kipato kidogo, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikasema jimbo lisilotaka halilazimishwi. Basi ikawa kila jimbo na uamuzi wake. Kentucky gavana wakati ule alikuwa Steve Beshear, wa chama cha Demokrati. Mwaka 2013 akaamua jimbo liingie, na kuanzia 2014 watu zaidi ya 400,000 wakapata karte. Texas mpaka leo ilikataa. Kwa hiyo wakimbizi wawili wa kambi moja, mshahara mmoja, mmoja akitelemkia Louisville na mwingine Houston, kwa daktari hawako sawa hata kidogo. Na hakuna aliyewauliza wanataka jimbo gani.

Mwisho wa 2015 akaingia gavana mwingine, Matt Bevin wa Republikani. Yeye aliona watu wazima wenye nguvu wapewe karte kwa sharti: saa 80 kwa mwezi za kazi, au masomo, au kujitolea, na waziripoti. Washington ikakubali. Watu wakaenda mahakamani, jaji akasimamisha mpango huo mara mbili, 2018 na 2019. Kisha ikaja kura ya Novemba 2019. Bevin akagombana na Andy Beshear, mtoto wa yule gavana wa kwanza. Watu zaidi ya milioni moja na laki nne walipiga kura, na tofauti ilikuwa kura elfu tano na kidogo. Elfu tano! Watu wa kata mbili tatu za mji wetu. Beshear mtoto akaingia Desemba, na katika wiki yake ya kwanza akaufuta ule mpango wa saa 80.

Lakini msifikiri gavana ni mfalme. Huyo huyo Andy Beshear, alichaguliwa tena 2023, bunge la Kentucky liko mikononi mwa Republikani kwa wingi mkubwa. Yeye anakataa sheria, wao wanaipitisha tena. Katika majimbo mengi kuvunja kukataa kwa gavana kunataka theluthi mbili za wabunge, au karibu na hapo. Kentucky nusu ya wabunge wote na mmoja juu inatosha. Kwa hiyo veto yake mara nyingi inadumu siku chache tu.

Kwingine veto ni kali mpaka inachekesha. Wisconsin gavana anaruhusiwa kufuta maneno na tarakimu ndani ya sheria ya bajeti. Mwaka 2023, bunge liliandika kwamba shule ziongezewe uwezo wa kupata pesa hadi mwaka wa masomo 2024–25. Gavana Tony Evers akafuta tarakimu mbili na kile kistari, ikabaki 2425. Yaani nyongeza ya miaka 400. Wakampeleka mahakamani, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Wisconsin ikasema ni halali. Nilipowasomea hii wenzangu wa kazini waliniomba nisirudie mbele ya watu wa fedha.

Pia gavana anaweza kuwa na mawaziri wasiomtii. Texas, mwanasheria mkuu wa jimbo, mdhibiti wa hesabu, hata naibu wa gavana, kila mmoja anachaguliwa na watu peke yake. Wanaweza kutoka vyama tofauti, wakawa hawasalimiani. Polisi wa mji wako chini ya meya na halmashauri ya mji. Sherifu wa wilaya kachaguliwa na watu wake. Shule zina kamati iliyochaguliwa pia. Ndugu yako akikwambia "polisi ya gavana ilinikamata," muulize vizuri ni polisi gani, juu kila mmoja ana bosi wake, na malalamiko yakipelekwa kwa bosi asiyehusika yanakufa palepale.

Na gavana anatolewa. California mwaka 2003 wananchi walipiga kura ya kumuondoa Gray Davis katikati ya muda wake, wakamuweka Arnold Schwarzenegger, yule wa sinema. Mwaka 2021 walijaribu tena kwa Gavin Newsom, akashinda. Illinois tena, mwaka 2009, Rod Blagojevich alishtakiwa bungeni, kati ya mambo mengine kwa kutaka kuuza kiti cha useneta kilichoachwa na Obama. Baraza la seneti la jimbo lilimtoa kwa kura 59 kwa 0. Hakuna hata mmoja aliyemuonea huruma.

Nitasema kidogo juu ya askari, kwa sababu sisi watu wa mashariki neno askari haliwezi kutupita. Gavana wa kule ana wanajeshi. Wanaitwa Gadi ya Taifa: watu wenye kazi zao za kawaida, wanaofanya mazoezi, wakiitwa wanavaa unifomu. Kwa siku za kawaida kamanda wao ni gavana. Anawaita kukiwa na mafuriko, moto wa msitu, au fujo. Lakini Raisi anaweza, katika hali zilizoandikwa na sheria, kuwachukua wawe chini yake. Mwaka 1957 gavana Orval Faubus wa Arkansas aliwatumia askari hao kuwafungia mlango wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya wazungu pale Little Rock. Raisi Eisenhower akamnyang'anya askari wale wale, akaongeza na wanajeshi wa parashuti, watoto wakasindikizwa darasani. Hapo ndipo gavana alijifunza ukuta wake uko wapi. Juni 2025 Raisi Trump naye alichukua Gadi ya California kuipeleka Los Angeles bila gavana Newsom kukubali, na Newsom akamshtaki. Mara ya kwanza Raisi alikuwa anafungulia watoto shule. Mara ya pili kulikuwa na maandamano dhidi ya kukamata wahamiaji. Nguvu ni ile ile. Kila mtu atapima mwenyewe.

Kukitokea janga, njia ni hii: gavana ndiye anayeomba. Desemba 2021 kimbunga kilipovunja mji wa Mayfield kule Kentucky, Beshear aliandika ombi, Raisi Biden akakubali, pesa na watu wa serikali kuu wakafika. Gavana ndiye anayetembea kwenye matope mbele ya kamera na ndiye watu wanamkumbuka, kwa mema au kwa mabaya. Sisi tuliona maji ya ziwa yakipanda mpaka kwenye nyumba hapa Kalemie. Tunajua tofauti ya kiongozi anayefika siku ya pili na yule anayefika na mkutano wa wafadhili.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe: "Gavana amekataa wakimbizi."

Limetokea kweli, zaidi ya mara moja. Novemba 2015, baada ya mashambulizi ya Paris, magavana zaidi ya 30 walitangaza hawataki wakimbizi wa Siria. Kule Indiana gavana alikuwa Mike Pence, ambaye baadaye alikuwa makamu wa Raisi. Yeye aliamuru mashirika yanayopokea wakimbizi yasilipwe pesa ya kuwahudumia Wasiria. Shirika moja likaenda mahakamani. Februari 2016 jaji akamzuia Pence, na Oktoba mwaka huo mahakama ya rufaa ikathibitisha. Wasiria wakaendelea kufika Indiana. Sababu ni rahisi: nani anaingia Marekani na nani haingii ni kazi ya serikali kuu, na mtu akishaingia kihalali, jimbo haliwezi kumchagulia adhabu kwa sababu ya nchi alikotoka. Tena hakuna geti kati ya jimbo na jimbo. Ukipokelewa Ohio, kesho ukapanda basi kwenda Texas, hakuna mtu wa kukuuliza karatasi ya gavana.

Texas yenyewe ilijitoa katika mpango wa wakimbizi mwaka 2016. Watu wa kambini waliogopa sana. Ilikuwaje? Serikali kuu ilipitisha pesa kwa mashirika yasiyo ya serikali, na wakimbizi wakaendelea kutelemka Houston na Dallas.

Kiisha Septemba 2019 Raisi Trump akafanya jambo jipya. Alitoa amri kwamba mkimbizi asipelekwe mahali ambapo gavana na viongozi wa pale hawajakubali kwa maandishi. Yaani aliwapa magavana ufunguo ambao hawakuwa nao. Na hapa mambo yakashangaza watu. Magavana zaidi ya 40 waliandika barua za kukubali, wakiwemo wengi wa chama chake mwenyewe. Gary Herbert wa Utah, Republikani kabisa, aliandika kuomba wakimbizi waongezwe. Alisema jimbo lake linawataka. Ni Greg Abbott wa Texas peke yake aliyeandika wazi kukataa, tarehe 10 Januari 2020. Ule ujumbe wa sauti mliousikia wakati ule ulitoka hapo, na haukuwa uongo. Lakini haukumaliza habari. Mashirika matatu yalikuwa yameshapeleka amri ile mahakamani Maryland, na tarehe 15 Januari, siku tano tu baada ya barua ya Abbott, jaji akaisimamisha. Februari 2021 Biden akaifuta.

Kwa hiyo mtu akikuambia "gavana amekataa," mwulize: amekataa nini? Kama amekataa kusimamia mpango, shirika litasimamia. Kama amekataa kutoa pesa ya jimbo, hapo ndugu yako ataumia kweli, madarasa ya lugha yatapungua, msaada utapungua. Kama ni kufunga mlango wa nchi, hana ufunguo huo.

Na hiyo inakata pande zote mbili. Asiyeweza kufunga mlango hawezi pia kuufungua. Tarehe 20 Januari 2025 Raisi Trump alisimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi. Kuna watu wa Nyarugusu walikuwa wamemaliza mahojiano yote, wamepimwa afya, wameshagawa sufuria kwa majirani. Najua humu ndani kuna wamama ambao mtoto wao ni mmoja wa hao. Mnaniuliza: gavana wa kule, yule mzuri, yule anayesema anapenda wakimbizi, hawezi kumuita mtoto? Hapana, mama. Anaweza kuandika barua kwa Raisi, sawa vile Herbert alivyofanya. Anaweza kusema kwenye redio. Saini yake haiingizi hata mtu mmoja ndani ya ndege.

Ndiyo sababu yule wa WhatsApp ni mwizi. Hakuna fomu ya gavana katika kesi ya mkimbizi. Haipo kwa HCR, haipo kwa OIM, haipo kwa ubalozi. Akikutumia karatasi yenye tai na muhuri wa jimbo la Ohio au la jimbo lolote, na jina lako limeandikwa vizuri bila kosa hata moja, hiyo ni kazi ya mtu na kompyuta. Usiuze kiwanja. Usichukue pesa ya kikundi cha likelemba. Na kama umeshatuma, usiogope aibu, njoo umwambie mtu wa komite ili mwingine asitume.

Njia ya familia ipo, lakini inapita Washington. Mkimbizi aliyefika kule anaweza kuombea mume au mke wake na watoto wake wasiooa wenye chini ya miaka 21, na ombi hilo anatakiwa kulipeleka ndani ya miaka 2 tangu afike. Mtoto aliyepata uraia, akiwa na miaka 21 kamili, anaweza kuombea mzazi. Karatasi hizo zinakwenda kwa ofisi ya uhamiaji ya serikali kuu. Milango hiyo inafunguka na kufungwa kwa siasa ya pale, siwezi kumuahidi mtu tarehe. Lakini hakuna kituo cha gavana katikati ya njia.

Karte ya hospitali tena. Tarehe 4 Julai 2025 Raisi alisaini sheria kubwa ya matumizi na kodi, na ndani yake kuna kifungu: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mkimbizi ambaye bado hana kadi ya kukaa ya kudumu, ile wanaita grinikadi, hatahesabiwa katika Medicaid inayolipwa na serikali kuu. Ndugu yako atakaposema "gavana ametukata," kwa hilo siyo gavana. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba grinikadi baada ya mwaka mmoja. Wako wengi kule waliokaa miaka mitatu, minne, hawajaomba, wanasema nitaomba kesho. Leo usiku mkiongea nao, muulizeni hilo kabla ya salamu za kuku na mbuzi. Na gavana hapa ana nafasi yake ndogo: jimbo likitaka kuwabeba watu hao kwa pesa yake yenyewe, linaweza. Basi ni huko ndugu zetu wanaweza kwenda kugonga, kwa gavana na kwa mbunge wao wa jimbo.

Hata hawa askari wa uhamiaji, ICE, mnaosikia habari zao. Ni wa Washington. Gavana hawezi kuwafukuza jimboni. Lakini pia Washington haiwezi kulazimisha polisi wa jimbo wafanye kazi hiyo kwa niaba yake, kwa hiyo jimbo linaamua lisaidie au lisisaidie. Illinois ina sheria tangu 2017 inayozuia polisi wake kumshika mtu kwa ajili ya karatasi za uhamiaji tu, na aliyeisaini alikuwa gavana wa Republikani, Bruce Rauner. Texas wameamua kusaidia kwa nguvu zote. Mtu mwenye karatasi safi hana cha kuficha, lakini inafaa ajue anaishi katika jimbo la namna gani.

Neno moja la kura, na hili ni la hatari, naomba vijana walisikie wawafikishie wenzao. Kura za Marekani zinaendeshwa na majimbo. Katika majimbo mengi, ukienda kuchukua permi ya gari, yule wa dirishani au ile mashine inakuuliza: unataka kuandikishwa upige kura? Mkimbizi anayetaka kuonyesha adabu anasema ndiyo kwa kila swali. Asiseme ndiyo! Asiye raia akijiandikisha, na zaidi akipiga kura, anaweza kunyimwa uraia, hata kurudishwa. Ajibu hapana mpaka siku aliyokula kiapo cha uraia.

Baada ya kiapo ni kinyume: ajiandikishe mapema. Mkimbizi anaweza kuomba uraia akitimiza miaka 5, na kwake miaka inahesabiwa tangu siku alipofika, ikiwa ameshapata grinikadi. Kwa hiyo wale walioondoka Nyarugusu mwaka 2015 au 2016, wengi wameshakuwa raia. Novemba 2026 majimbo 36 yatachagua gavana, Texas, Ohio na Iowa zikiwemo. Kentucky ni 2027. Mkumbuke zile kura elfu tano.

Mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: mtoto wetu aliyezaliwa kambini, naye anaweza kuwa gavana? Uraisi hapana, katiba yao inataka aliyezaliwa raia. Ugavana ndiyo. Schwarzenegger alizaliwa Austria. Jennifer Granholm, gavana wa Michigan kuanzia 2003 hadi 2011, alizaliwa Kanada. Na Vermont ilikuwa na gavana mwanamke, Madeleine Kunin, kuanzia 1985 hadi 1991. Alizaliwa Zurich katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1940, akiwa na miaka 6, mama yake mjane alimchukua yeye na kaka yake wakavuka bahari kukimbia vita vya Hitler. Mtoto wa mkimbizi, alichaguliwa mara tatu.

Maswali sasa. Mama mwenye kitenge cha kijani, nilikuona mkono tangu zamani.